Boriti Zilizobeba Miji ya Mawe

Kuna imani iliyoota mizizi hata miongoni mwa watu wa pwani wenyewe: kwamba ustaarabu wa Waswahili ni wa Kilwa, Unguja na Lamu, na kwamba delta ya Rufiji ni tope, mbu na mamba tu. Mtaje mkazi wa Mtunda wilayani Kibiti, ilipo delta hiyo, na mtu wa mjini atamwonea huruma. Imani hiyo ni potofu, na ushahidi wa kuikanusha umo wilayani humo humo. Huko Mkukutu, karibu na Kibiti, mwanaakiolojia Felix Chami alifukua shanga za kioo za Kirumi, akachapisha habari zake mwaka 1999. Bidhaa za ng'ambo zilifika huku karne nyingi kabla Kilwa haijajenga msikiti wake mkuu. Chami ameihusisha sehemu hii na Rhapta, soko linalotajwa katika mwongozo wa mabaharia wa karne ya 1. Wapo wataalamu wanaoiweka Rhapta kwingine, na wana haki ya kubisha. Lakini hata Rhapta ikihamishwa, shanga hazihami.

Mpinzani atauliza magofu yako wapi. Huyo anaamini kwamba pasipo jiwe hapana historia. Nyumba ya delta ni ya miti na udongo, na dungu la mkulima wa mpunga husimama juu ya nguzo ili mafuriko yapite chini. Mto ukihama, watu nao huhama. Tena hayo magofu tunayoyasifu yanadaiwa na mikoko. Dari ya nyumba ya mawe ilibebwa na boriti za mikoko, ndiyo maana vyumba vya kale vya Lamu na Unguja ni vyembamba: upana wake haukuweza kuupita urefu wa mti. Boriti za Rufiji zilipakiwa majahazini zikavuka hadi Arabuni na Ghuba. Mkata mikoko alishiriki kuijenga pwani yote, wala hatajwi.

Watasema pia kwamba huku hakuna mchanga mweupe wa kumvuta mgeni. Kweli, Nungwi ya Unguja ni Nungwi. Lakini zaidi ya hekta 50,000 za mikoko, ambamo kamba wachanga hukulia kati ya mizizi, si kitu cha kuonea haya. Ndani ya mikono hii ya mto manowari ya Kijerumani Königsberg ilijificha mpaka ilipozamishwa Julai 1915; leo mzinga wake mmoja unatazamwa na watalii Fort Jesus, Mombasa, wengi wao wasijue ulikotoka. Na Wandengereko, Warufiji, Wanyagatwa, Wamatumbi na Wamakonde wanaoishi pamoja huku wana mchanganyiko ule ule tunaousifu tukiukuta Kariakoo.

Walimu wa historia wa Kibiti, wapelekeni wanafunzi Mkukutu, mahali zilipofukuliwa shanga, kabla hamjawapakia basi kwenda Bagamoyo.