Volyumu Kubwa? Uliza Nani Ananunua!

Leo nina neno na nyie washikaji wa sarafu za mtandaoni. Siku hizi kila kijiwe nikipita ni hadithi moja tu: "Kaka, hii sarafu volyumu yake imepanda, tujitose!" Akina dada nao hawako nyuma, hela ya kikoba iko njiani kuingia humo. Hebu tulieni kwanza.

Volyumu ni jumla ya biashara iliyofanyika kwa muda fulani, mara nyingi saa 24. Basi. Haikwambii bei itapanda, maana kila aliyenunua yupo aliyemuuzia. Kazi inayo, sikatai. Bei ikipaa huku volyumu ni kiduchu, ujue wanaoisukuma ni wachache, na siku ukitaka mshiko wako utamtafuta mnunuzi kwa tochi.

Tatizo namba yenyewe inapikwa. Mnaijua karata tatu? Yule jamaa anayeshinda-shinda pale mbele si mpita njia, ni mwenzao! Kwenye sarafu mtu anajiuzia mwenyewe, toka mkono wa kulia kwenda wa kushoto, usiku kucha, tena kwa programu ya kompyuta. Mwaka 2019 kampuni ya Bitwise iliiambia mamlaka ya masoko ya mitaji ya Marekani kwamba asilimia 95 hivi ya volyumu ya Bitcoin iliyokuwa ikitangazwa ilikuwa ya kubuni. Tisini na tano, jamani!

Kali zaidi ilitoka Oktoba 2024. FBI walitengeneza sarafu yao wenyewe, NexFundAI, wakajifanya wanatafuta mtu wa kuichangamsha. Wapishi wakajaa wenyewe kwenye mtego! Mmojawapo, CLS Global ya Falme za Kiarabu, mwaka 2025 ilikiri kosa mahakamani Boston ikatozwa zaidi ya dola 428,000.

Ndiyo maana mimi nikitajiwa sarafu, volyumu naiangalia mwisho. Naanza na foleni ya wanunuzi: wako wangapi, wanataka kiasi gani, kwa bei ipi. Unaambiwa leo zimeuzwa za dola milioni 10, halafu ukiuza za dola 500 tu bei inaporomoka. Sasa hao wenye milioni 10 wamekwenda wapi?