Panya huuma na kupuliza: nyaya za gari zikitafunwa, nani alipe?

Gari lililoegeshwa jioni likiwa zima linapokataa kuwaka alfajiri, dereva wa Kampala hushuku betri kwanza, kisha pampu ya mafuta, kisha wezi. Boneti ikifunguliwa na kuonekana nyaya zilizomenywa ganda, vipande vya sponji vilivyokusanywa kama kitanda na vinyesi vidogo vyeusi juu ya injini, mtuhumiwa hujulikana papo hapo. Asiyejulikana ni mlipaji.

Waswahili husema panya huuma na kupuliza, na methali hiyo inaufaa mkasa huu. Uharibifu hufanyika kimya; gharama huonekana baadaye, pengine wiki kadhaa baada ya jino la kwanza, taa ya injini inapowaka kwenye dashibodi bila sababu ya wazi. Hapo ndipo mwenye gari hugundua kwamba kila mtu ambaye angeweza kumsaidia kulipa, kuanzia kiwanda hadi mwenye eneo la kuegesha, alikwisha kujitoa kwa maandishi kabla panya hajafika.

Kibaiolojia hakuna fumbo. Meno ya mbele ya panya hayaachi kukua maisha yake yote, hivyo hana budi kuguguna ili kuyapunguza. Injini iliyozimwa jioni hubaki na joto kwa saa kadhaa, na chini ya boneti mna giza na pembe za kujificha. Kilichobadilika ni magari yenyewe. Ya zamani yalikuwa na nyaya chache. Ya leo yana sensa za hewa, mafuta, joto na breki, na nyingi kati ya hizo hupeleka taarifa kwenye kompyuta ya gari kupitia waya mwembamba. Panya aliyekuwa akimharibia mtu taa moja sasa anaweza kulisimamisha gari zima.

Tena panya hatoki hewani. Jalala la Kiteezi lilipoporomoka Agosti 2024 na kuua zaidi ya watu 30, Kampala ilipoteza tegemeo lake kuu la kumwaga taka, na marundo yakaonekana mitaani. Penye taka pana panya, na magari mengi ya mji huu hulala nje, ubavuni mwa marundo hayo. Kwa hiyo sehemu ya fedha anazolipa mwenye gari gerejini ni gharama ya taka zisizozolewa, ingawa hakuna risiti itakayoiandika hivyo.

Dai la soya

Nchini Marekani lawama zilielekezwa kwa watengenezaji. Mwaka 2016 wamiliki wa magari waliifungulia Toyota kesi ya pamoja katika mahakama ya shirikisho jimboni California. Walidai kwamba ganda la nyaya lenye malighafi ya soya, iliyochukua nafasi ya ile inayotokana na petroli, huwavutia panya, na kwamba hiyo ni kasoro inayopaswa kulipiwa na dhamana ya kiwanda. Honda nayo ilishtakiwa kwa hoja kama hiyo. Utetezi wa watengenezaji ni kwamba panya waliguguna nyaya tangu kabla ya soya, na kwamba mnyama anayetoka nje hawezi kuitwa kasoro ya kiwandani.

Utetezi huo una nguvu, kwani panya huguguna hata mabomba ya plastiki, sabuni na nyaya za umeme za nyumbani. Hata hivyo, Honda yenyewe inauza utepe wa kufungia nyaya uliotiwa ukali wa pilipili kwa ajili ya kuwafukuza panya. Kampuni haiuzi dawa ya ugonjwa isioujua.

Kwa Afrika Mashariki, mjadala huo una uzito mdogo kuliko unavyoonekana. Magari mengi ya eneo hili huagizwa yakiwa yamekwisha kutumika, hasa kutoka Japani. Kenya hairuhusu yaliyozidi miaka 8, na Uganda, kwa sheria iliyorekebishwa mwaka 2018, huyazuia yaliyofikisha miaka 15. Gari la miaka 12 linaloshushwa Mombasa na kuendeshwa hadi Malaba lilikwisha kuiacha dhamana yake ng'ambo. Hata majaji wa California wangewapa walalamikaji kila walichoomba, mnunuzi wa gari hilo asingepata senti.

Ujerumani inatoa funzo lililo karibu zaidi na mahitaji yetu. Huko mharibifu mkuu si panya bali mnyama wa jamii ya kicheche anayeingia chini ya boneti usiku, na katika miaka ya karibuni makampuni ya bima yamekuwa yakipokea madai zaidi ya 200,000 kwa mwaka. Bima ya hiari ya gari hulipa nyaya na mabomba yaliyoumwa. Jambo la kuangaliwa ni maandishi madogo: baadhi ya mikataba hulipa waya tu, wala si injini iliyoungua kwa sababu bomba la maji lilitobolewa na dereva akaendelea na safari.

Bima ya hapa inasemaje?

Bima ambayo kila gari la Uganda linalazimika kuwa nayo, ile ya mtu wa tatu, ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1989 ili kumfidia anayeumizwa na gari. Haigusi nyaya za gari lenyewe. Kenya na Tanzania zina sheria zao za bima ya lazima, na matokeo kwa aliyetafuniwa nyaya ni yaleyale. Linalobaki ni ile ambayo Watanzania huiita bima kubwa. Hapa ndipo wengi huvunjika moyo, kwa kuwa mikataba mingi ya aina hiyo huorodhesha miongoni mwa yasiyolipwa uchakavu, hitilafu za umeme, na pengine uharibifu wa wadudu na wanyama waharibifu. Isitoshe, makampuni mengi husita kulipa gari kuukuu bima kubwa, na gari kuukuu ndilo hulala nje.

Lakini «haimo» ya karani wa dirishani haimalizi mambo. Waya uliotafunwa ukisababisha moto, swali la kisheria ni lipi lililokuwa chanzo halisi cha hasara, panya au moto, na moto kwa kawaida umo ndani ya bima kubwa. Pia, kwa kanuni ya sheria ya mikataba iliyorithiwa kutoka Uingereza, kifungu chenye maana mbili hufasiriwa dhidi ya aliyekiandika, yaani kampuni. Neno «hitilafu ya umeme» peke yake halisemi wazi kwamba linamjumuisha panya. Mwenye dai lililokataliwa anaweza kulipeleka kwenye dawati la malalamiko la mamlaka inayosimamia bima ya Uganda. Tanzania ina Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Barua ya kukataliwa, picha za kinyesi na nyaya kabla fundi hajagusa kitu, na maelezo ya fundi kwa maandishi ndivyo vitakavyohitajika.

Hali ni tofauti gari likiwa mikononi mwa mwingine. Gari lililoachwa gerejini kwa mwezi mzima likisubiri spea, kisha likatafunwa humo, linahusu sheria ya amana, ambayo imo katika Sheria ya Mikataba ya Uganda ya mwaka 2010 na katika Sura ya 345 ya sheria za Tanzania. Anayepokea mali ya mtu anapaswa kuitunza kama mtu mwenye busara angeitunza yake. Gereji iliyolizungushia gari matairi mabovu na mabaki ya chakula itapata tabu kujieleza. Mlinzi wa eneo la kuegesha, mwenye kibao cha «kwa hatari yako», yuko salama zaidi, kwa sababu mara nyingi amekodisha nafasi tu wala hakukabidhiwa funguo.

Anayeumia kuliko wote hatajwi katika mkataba wowote wa bima. Ni dereva aliyelikodi gari kwa malipo ya kila wiki na kulitumia kubeba abiria wanaoita kwa simu. Waya mmoja ukikatika, fundi huweza kuuunga kwa bei nafuu siku hiyohiyo. Fungu zima likiharibika, hutafutwa jingine lililotolewa kwenye gari la aina hiyohiyo katika maduka ya spea ya Kisekka, na siku hupita. Katika siku hizo hapati abiria, ilhali mwenye gari anadai wiki yake. Akiunga kienyeji kwa utepe ili arudi barabarani haraka, mvua ya kwanza huingiza kutu na hitilafu hurudi.

Makubaliano ya kukodi gari mara nyingi ni ya mdomo, au ukurasa mmoja unaotaja ajali, faini na mafuta. Mstari wa kuongeza hapo ni mfupi: gari likisimama kwa hitilafu isiyotokana na uzembe wa dereva, siku za matengenezo hazihesabiwi katika kodi, na spea hununuliwa na mwenye gari. Wakati wa kuuandika ni siku ya kukabidhiana funguo, gari likiwa bado linawaka.