Mkono Mbali, Adabu Karibu

Nani katika sisi watu wa pwani asiyeijua ajabu ya picha za arusi? Kanzu nyeupe pe, buibui jeusi ti, na baina yake uso wa bwana arusi umepotea kana kwamba umepakwa masizi. Lawama zote humwangukia mpiga picha. Lakini kamera iachwapo ijipimie mwanga yenyewe hutafuta wastani: ikiiridhisha kanzu huudhulumu uso, na ikiuridhisha uso huiunguza kanzu.

Hayo yalinirudia nilipokuwa mgeni huko Gesima, Kaunti ya Nyamira, penye vilima vya chai. Kijana mmoja alitaka kumpiga picha bibi yake jikoni. Mlango u wazi. Nje jua la adhuhuri lawaka juu ya michai, ndani giza la moshi wa miaka mingi. Akaisimamisha kamera juu ya miguu mitatu, akatoka nje na simu mkononi, akawa anaiamrisha kutoka huko. Tundu la lenzi aliliacha vile vile. Alibadili muda wa mwanga tu: sehemu ya 250 ya sekunde kwa ajili ya chai, ya 60 kwa mlango, ya 15 kwa ukuta, na robo ya sekunde kwa uso wa bibi. Kisha akaziunganisha nne zikawa moja. Mkono ungaliigusa kamera, ingalitikisika, na picha zisingalilingana.

Wako wasemao kuwa huko ni kudanganya. Mimi sikubali. Jicho letu nalo likitazama mlangoni mboni hujifinya, likigeukia jikoni hutanuka. Wala fikra hii si ngeni: Mfaransa Gustave Le Gray, katika miaka ya 1850, aliunganisha negativu ya bahari na ya mawingu. Uongo ni ile picha inayomgeuza bibi kivuli, mtu akadhani nyumba haina mwenyewe.

Hata hivyo, nina neno. Kamera inayoamrishwa kwa mbali ni mgeni aliyekwisha ingia ndani hali aliyemtuma yuko nje. Chuoni tulisomeshwa, katika Surat an-Nur, kuwa nyumba ya mwenzio haiingiwi ila kwa idhini na salamu. Kijana yule alipiga hodi, na kila mara akasema, “Bibi, tulia kidogo, napiga.” Na angefanyaje? Katika robo ya sekunde, mtu asiyejua kuwa anapigwa hujitikisa, uso ukawa ukungu. Ufundi wenyewe wadai ruhusa.

Lakini ufundi huo huo, kamera ikiachwa kimya kimya mahali walipokaa wanawake arusini, si ufundi tena. Ni khiyana, hata picha ingekuwa nzuri namna gani. Vijana wetu na wajifunze kuzitendea haki nyuso zetu. Mkono uwe mbali, adabu iwe karibu.