Viatu vya Mpanda Baisikeli

Leo nasema na vijana wetu wa Mollo wapandao baisikeli katika milima hii ya Ufipa hali wamevaa kandambili. Mteremkoni baisikeli hurukaruka, kandambili huteleza juu ya pedeli, na vidole vikaburuzwa changaraweni. Tena wapo ambao, breki zikiisha, husimamisha gurudumu kwa wayo! Hao watengeneze breki kwanza.

Yafaa kiatu kilichofunga kisigino, chenye soli ngumu ishikayo pedeli. Kamba zake zichomekwe ndani, zisiliwe na mnyororo. Raba nzima ya mtumba yatosha; wala mzazi asione ghali, kwani tumekatazwa kujitia katika maangamizo.

Wengine hulikimbia buti kwa uzito wa kulivua kila udhu, hasa baridi ya Juni na Julai. Lakini sheria imetupa wepesi. Viatu vizima, tahiri, vinavyofunika vifundo vya miguu, ukivivaa baada ya kutimiza udhu, wapaka maji juu yake badala ya kuosha miguu: mkaazi mchana mmoja na usiku wake, msafiri siku tatu na usiku wake, hesabu ianze udhu ule utakapotanguka. Raba fupi haimo katika ruhusa hiyo, na mwenye janaba hana budi kuvua.