JUA HAKI YAKO: Barua ya Kupunguzwa Kazi Inapomkuta Mama Uzazini

Mwezi huu tunazungumza na akina mama wanaofanya kazi ya mshahara. Wako wengi vijijini kwetu. Wako wachumaji wa chai huko Mufindi, Rungwe na milima ya Usambara. Wako wanaofanya kazi katika mashamba ya mkonge Tanga na Morogoro, ya miwa Kilombero, na ya maua Arusha. Akina baba nao wasome. Mama akiwa uzazini, mara nyingi baba ndiye anayepokea barua mlangoni.

Kazi za mashamba makubwa zinabadilika. Katika chai, kwa mfano, zimekuja mashine za kuchumia. Watu wawili wanashika mashine moja, huyu upande huu na yule upande ule, wanapita juu ya mstari wa michai. Kazi iliyokuwa ikifanywa na mikono ya wachumaji wengi inakwisha mapema. Mahali pengine shamba linauzwa, na tajiri mpya anataka kupanga kazi upya. Mahali pengine bei ya zao imeanguka. Basi ofisi inasema: tutapunguza wafanyakazi.

Neno hilo likitoka, kila mfanyakazi hupata wasiwasi. Lakini aliye kazini ana nafuu. Anasikia habari kwenye mizani, anasoma ubao wa matangazo, anahudhuria mkutano. Mama aliye nyumbani na mtoto wa wiki tatu hasikii lolote. Na orodha ya majina inapoandikwa, jina la mtu asiyekuwapo halina wa kulitetea.

Sasa, sheria inasemaje? Kwa Tanzania Bara, jambo hili limo katika Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Zanzibar wana sheria yao.

Kwanza, likizo yenyewe. Mama aliyeajiriwa anapata likizo ya uzazi ya siku 84 kwa malipo. Siku 84 ni wiki 12. Akijifungua mapacha anapata siku 100. Likizo hii hutolewa katika kila mzunguko wa miezi 36, na mwajiri analazimika kuilipa mara nne. Mtoto akifariki kabla ya kutimiza mwaka mmoja, mama anapata siku 84 nyingine za malipo katika mzunguko uleule. Mama naye ana wajibu wake. Anatakiwa kumwarifu mwajiri angalau miezi mitatu kabla ya siku anayotazamia kujifungua, na kuonyesha cheti cha mganga. Baba wa mtoto anapata siku 3. Si nyingi, lakini zinatosha kuchota maji na kupasua kuni.

Vibarua huambiwa kwamba hawahusiki na likizo hii. Si kweli kila mara. Aliyefanya kazi chini ya miezi sita hana likizo ya malipo. Lakini aliyeitwa kazini zaidi ya mara moja katika mwaka kwa mwajiri yuleyule, na vipindi vyake vikijumlishwa vikazidi miezi sita, anayo haki hiyo. Mfanyakazi wa msimu naye anayo. Ndiyo maana tunawaambia akina mama watunze kadi za kazi na karatasi za malipo. Ziweke katika kopo lenye kifuniko, mbali na panya na mvua. Bila karatasi hizo utabaki kusema tu, na ofisi nayo itasema yake.

Pili, liko jambo ambalo wengi hawalijui. Sheria inakataza kumpa mfanyakazi notisi ya kuachishwa kazi wakati yuko likizo. Tena siku za notisi haziwezi kwenda pamoja na siku za likizo. Tuseme mama analipwa kwa mwezi. Notisi yake ni siku 28 au zaidi. Likizo yake imebaki siku 28. Mwajiri hawezi kusema, "Siku hizo zilizobaki ndizo notisi yako." Likizo kwanza iishe. Kama notisi ipo, itolewe baadaye, na ianze kuhesabiwa baadaye.

Tatu, mimba na uzazi si sababu halali ya kumwachisha mtu kazi. Wala mwajiri haruhusiwi kutumia mimba kama kipimo cha kuchagua nani apunguzwe.

Hapa tuseme ukweli wote. Sheria haisemi kwamba mama aliyejifungua hawezi kabisa kupunguzwa kazi. Kama shamba zima linafungwa, kazi yake itakwisha kama ya wengine. Na kama kipimo ni cha haki, kwa mfano aliyeajiriwa mwisho atoke kwanza, naye anaweza kuwamo. Tunasema hivi kwa sababu wapo wanaowaambia akina mama kwamba mtoto mchanga ni kinga. Si kinga. Kinachokatazwa ni kumchagua mama kwa sababu amezaa, kumpa notisi akiwa likizo, na kumruka katika mashauriano.

Mashauriano ni nini? Mwajiri anapofikiria tu kupunguza watu, anatakiwa kutoa taarifa mapema. Asingoje mpaka ameamua. Aeleze sababu. Azungumze na chama cha wafanyakazi, na pia na wale wasio na chama. Wazungumze kama kuna njia ya kuepuka kupunguza watu, au ya kupunguza wachache. Wazungumze juu ya namna ya kuwachagua, tarehe, na malipo. Mama aliye likizo bado ni mfanyakazi. Mashauriano haya yanamhusu sawasawa na yule anayechuma leo.

Kwa hiyo, kabla ya kwenda likizo, mwachie katibu wa tawi la chama namba ya simu. Kama huna simu, mwachie namba ya jirani. Mwombe rafiki mnayefanya naye kazi akupe habari za kila tangazo. Mkutano ukiitishwa na huwezi kwenda, mtume mtu apeleke swali lako, na liandikwe katika kumbukumbu za mkutano.

Sasa tuje kwenye barua. Tuseme karani wa shamba anafika nyumbani kwa mama. Ana karatasi mbili na kidau cha wino.

"Hodi wenyewe! Hongera sana dada, tumesikia ni mtoto wa kike."

"Ahsante kaka. Karibu kiti."

"Sikai. Ofisi imenituma. Weka dole hapa na hapa, nikimbie gari."

"Lete nisome kwanza."

"Ah, mambo yenyewe madogo tu, dada."

"Kama ni madogo, hayatachukua muda mrefu kusoma."

Mama huyu amefanya vizuri. Zamani wengi waliweka dole gumba juu ya maneno wasiyoyajua. Wewe unayesoma ukurasa huu huna haja ya kufanya hivyo. Soma polepole. Neno likikushinda, mwite mwanao aliye shuleni, au mwambie karani aiache karatasi mpaka kesho.

Tafuta maneno mawili. Neno la kwanza ni NIMEPOKEA. Neno la pili ni NIMEKUBALI. Yanafanana kwa urefu, lakini yana tofauti kubwa. Ukiandika "nimepokea", umesema tu kwamba karatasi imefika mkononi mwako. Ukiandika "nimekubali", huenda umekubali kuacha kazi kwa hiari yako mwenyewe. Mtu aliyeacha kazi kwa hiari hupata shida sana kudai baadaye kwamba ameachishwa. Karatasi nyingine zina maneno "tumekubaliana kusitisha mkataba". Hiyo nayo usiitie sahihi siku ileile. Ipeleke kwanza kwa chama.

Kama ni barua ya kuachishwa, usiikatae wala usiichane. Ipokee. Andika kwa mkono wako: "Nimepokea tarehe fulani, nikiwa katika likizo ya uzazi." Weka sahihi. Baki na nakala. Barua hiyo, pamoja na tarehe yake, ndiyo itakayoonyesha kwamba notisi ilitolewa wakati sheria inakataza.

Halafu hesabu siku. Malalamiko ya kuachishwa kazi bila haki hupelekwa katika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Wengi wanaijua kwa herufi CMA. Muda wake ni siku 30 tangu siku ya kuachishwa. Hapa ndipo akina mama wengi wanapoweza kukwama. Katika sehemu nyingi mama hatoki nje mpaka arobaini iishe. Arobaini ni siku 40, na sheria inahesabu 30. Ukingoja kutoka nje ndipo uanze safari, muda umekwisha. Aliyechelewa anaweza kuomba asikilizwe, lakini lazima aeleze sababu ya maana, na anaweza kukataliwa.

Basi si lazima mama aende mwenyewe siku ya kwanza. Sheria inamruhusu kuwakilishwa na kiongozi au mwanachama wa chama chake cha wafanyakazi, au wakili, au mtu aliyemchagua mwenyewe. Fomu inajazwa. Nakala moja anapewa mwajiri, naye anatia sahihi kwamba ameipokea. Kwanza Tume hujaribu kuwapatanisha. Wasipopatana, huamua. Mama akishinda anaweza kurudishwa kazini au kulipwa fidia.

Liko jambo jingine, nalo hutokea hata pale ambapo hakuna aliyepunguzwa. Mama anamaliza likizo, anarudi, anakuta mambo yamegeuka. Mstari wake wa chai amepewa mwingine. Nyapara anamwambia aende akapige dawa ya wadudu. Jambo hili halifai. Mama anarudi kazini kwa masharti yaleyale aliyoyaacha. Kama masharti yanabadilishwa, ashauriwe, na aandikiwe. Na mama anayenyonyesha haruhusiwi kupewa kazi ya hatari kwa afya yake au ya mtoto. Dawa ya wadudu ni sumu. Inashika nguo, na mama hurudi na nguo hizohizo kumbeba mtoto. Mwambie nyapara hivyo bila ugomvi. Akikaza shingo, mwone msimamizi, na tawi la chama lijue. Tena mama anayenyonyesha anaruhusiwa kutoka kumnyonyesha mtoto saa za kazi, mpaka saa 2 kwa siku. Nyapara hamfanyii hisani kwa hilo.

Tumalizie na fedha. Tuseme kila kitu kimefuata sheria, likizo imekwisha, notisi imetolewa, na mama kweli amepunguzwa. Asitoke na nauli tu. Alipwe mshahara wa siku alizofanya kazi. Alipwe likizo ya mwaka ambayo hakuichukua. Kama hakupewa siku za notisi, alipwe fedha zake. Kama aliajiriwa kutoka mbali, asafirishwe au alipwe gharama za kurudi alikoajiriwa. Apewe pia cheti cha utumishi.

Na apewe kiinua mgongo, ikiwa ametimiza miezi 12 kazini. Hesabu yake ni mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka uliotimia, mpaka miaka 10. Chukua kalamu tuhesabu pamoja. Tuseme mshahara wa mama kwa siku ni shilingi 7,000. Siku 7 ni shilingi 49,000. Amefanya kazi miaka 9. Zidisha 49,000 kwa 9. Jibu ni shilingi 441,000. Angekuwa amefanya kazi miaka 15, tungezidisha kwa 10 tu, naye angepata shilingi 490,000. Hicho ni kiwango cha chini cha sheria. Mahali ambapo chama na mwajiri wana mkataba wa hali bora, kiasi kinaweza kuwa kikubwa zaidi. Uliza tawini kwako kama mkataba huo upo, na uombe kuusoma.

Mwezi ujao tutaeleza namna ya kusoma karatasi ya mshahara, mstari kwa mstari, hasa ule mstari wa makato.