Chikungunya Si Neno la Kiswahili: Nani Asahihishe Rekodi?

Mwaka 1955 Marion Robinson na W. H. R. Lumsden walichapisha maelezo ya ugonjwa wa virusi uliozuka mwaka 1952 hadi 1953 katika Jimbo la Kusini la Tanganyika, kwenye uwanda wa juu wa Makonde, pande za Newala na Masasi. Wagonjwa walishikwa na homa ya ghafla na maumivu ya viungo yaliyowapinda mwili. Wenyeji wakauita chikungunya, kutokana na kitenzi cha Kimakonde kungunyala, yaani kujikunja au kupindika. Hata hivyo, maandishi mengi ya baadaye yamelitaja kuwa neno la Kiswahili.

Kosa kama hilo likiingia katika rekodi ya katalogi inayotumiwa na maktaba nyingi, halikai mahali pamoja. Mkutubi wa mbali huandika, wengine hunakili. Asilaumiwe mno, kwani amefuata alichokisoma. Ila sikio la Mswahili lingeshtuka mapema, maana Kiswahili sanifu kingeanza na ki-, si chi-. Anayeumia ni mtafiti anayetaka kujua wagonjwa wa Newala huelezaje maumivu yao: rekodi inamwelekeza kwenye lugha isiyo yao.

Mkutubi akigundua kosa, mara nyingi husahihisha nakala yake na kunyamaza. Huo ni uungwana usiomfaa mtu. Rekodi ikipakuliwa upya, kosa hurudi, na maktaba nyingine hazikunufaika. Kuifuta kauli ya mwenzake bila maelezo ni vibaya zaidi, kwa kuwa mwenyewe anaweza kuirejesha akidhani anatengeneza. Heri barua fupi kwa taasisi iliyoandika rekodi, yenye rejeo la makala ya 1955, iliyoandikwa kwa adabu na kuacha nafasi ya kujibiwa.

Mpaka upo. Jina la kitabu hunakiliwa kama lilivyochapwa, hata likikosea, na ikisiri ni kauli ya mwandishi. Hapo huongezwa dokezo tu. Yanayobadilishwa ni maneno ya mkutubi mwenyewe: mada, lugha, maelezo.

Nani aandike barua hiyo? Mkutubi wa Mtwara, tofauti na mwenzake wa London, anaweza kumuuliza mzungumzaji wa Kimakonde siku hiyo hiyo, na jibu lake likaambatanishwa na rejeo.