Mausi haiingizi chaji? Usikimbilie kumuuzia mteja mpya

Leo naongea na wenzangu wa stesheneri na vifaa vya simu, hasa sisi tunaouza hizi mausi za kuchaji zisizo na waya. Kuna jambo linanikera, na najua wengine hawatakubaliana na mimi.

Mteja analeta mausi, anasema haiingizi chaji. Tunaichomeka mara moja, taa haiwaki, tunamwambia "betri imekufa hiyo, chukua mpya." Mimi nasema huo ni wizi hata kama hujakusudia. Nasema hivyo kwa sababu nimeufanya mwenyewe.

Alikuja dada mmoja anayechapa kazi za watu, mteja wangu tangu nafungua duka. Mausi nilimuuzia mimi, haikuwa na hata miezi minne. Nikachomeka kwenye chaja ya simu yangu, kimya. Nikamwambia "dada yangu, hii imeshakufa." Akatoa 18,000, akachukua nyingine. Siku ya tatu huyu hapa tena: "Kaka, na hii mpya nayo haiingizi."

Hapo ndo nikashtuka. Mausi mbili, moja mpya kabisa, zife kwa ugonjwa mmoja? Nikaanza kubadilisha nyaya. Nikapata waya wa zamani, wenye kile kichwa kipana cha USB upande mmoja na Taipu C upande wa pili, nikachomeka kwenye laptopu. Mausi ya kwanza, taa ikawaka. Ya pili, ikawaka. Zote nzima! Kumbe waya wa kwenye boksi la kwanza ulikuwa umekatika, akawa anatumia waya wa simu yake mpya, ule wenye Taipu C pande zote mbili. Wa boksi la pili hata hakuutoa. Na mimi dukani nilikuwa natumia waya wa aina hiyohiyo.

Sikilizeni vizuri hapa, maana kuna mafundi hawalijui hili. Chaja ya Taipu C kwa Taipu C haitoi umeme hovyo. Inasubiri kifaa kijitambulishe kwanza, na kinachofanya kazi hiyo ni rezista mbili ndogo za omu 5,100 ndani ya kifaa, karibu na tundu la chaji. Mausi nyingine za bei rahisi hazina hizo rezista, kiwanda kimebana gharama. Basi chaja haioni kitu, haitoi kitu. Waya wa USB pana hauna maswali, volti 5 zinakuja muda wote.

Nilimrudishia hela yake yote. Ile mpya nikaja kuiuza 12,000 kwa sababu boksi lilishafunguliwa. Iliniuma, lakini kosa lilikuwa langu.

Sasa hivi mausi ikija, kwanza nabadilisha waya, halafu nabadilisha na pa kuchomeka, maana kompyuta ikilala nyingine zinakata umeme kwenye USB. Namulika tundu kwa tochi. Vumbi na nyuzi za begi zikishindiliana humo waya hauingii mpaka mwisho, natoa taratibu kwa kijiti cha meno cha mti, mausi ikiwa imezimwa. Sindano hapana, utagusanisha pini uharibu kizima. Taa ikiwaka ukikandamiza waya na kuzima ukiachia, tundu limelegea, hiyo mpeleke kwa fundi wa kuchomelea. Na kama mausi ilikaa kabatini miezi mingi, usiihukumu kwa dakika mbili. Betri iliyoshuka sana huanza kupokea chaji polepole, iache nusu saa kwanza.

Kuna zinazotumia betri za AA za kuchaji, zimeandikwa 1.2V. Mteja akishaweka betri za kawaida za 1.5V usichaji kabisa, zinaweza kuvuja au hata kupasuka. Na ukiona mfuniko umeinuka kwa chini, betri imevimba. Chomoa waya, usiitoboe, usiuze tena.

Jirani yangu ananicheka, anasema ukiwa fundi wa bure utauza lini? Swali lake si baya. Mausi moja inanipa faida kama 4,000, waya 1,500 tu. Na duka likijaa watu wa fotokopi sina muda wa kupima mausi ya mtu, namwambia aiache mpaka jioni. Ila aliyenunua waya wa 3,000 akaona kweli ndo ulikuwa shida, kesho anakuja kununua wino kwangu. Uliyemuuzia mausi asiyoihitaji, akigundua, hakuambii. Anahama tu.

Betri kufa kweli kupo, sikatai. Inachaji vizuri, taa inaonyesha imejaa, halafu haimalizi hata saa moja. Hiyo nauza mpya bila wasiwasi.

Pale kaunta nina waya wa kupimia, USB pana kwa Taipu C, nimeuzungushia plasta nyekundu ili mdogo wangu asije akauuza. Yule dada bado ni mteja wangu. Juzi nilimwambia flashi yake imekufa, akaniangalia: "Kaka, umejaribu kwenye kompyuta nyingine?"